Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Wazee wetu walijua tangu kale kwamba chungu hakikai juu ya jiwe moja, wakasema kuwa figa moja haliinjiki chungu. Mafiga ni matatu, na sababu yake yaweza kuelezwa kwa hesabu. Mahali palipo na nundu na mashimo, vitu vitatu hugusa ardhi vyote kwa pamoja, lakini cha nne huenda kikaning'inia. Ndiyo maana kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu, na meza ya miguu minne hutiwa kikaratasi kilichokunjwa chini ya mguu mmoja. Habari nitakayoisimulia hapa ni ya watu walioichukua kanuni hiyo ya mafiga wakaitia injini. Kisha, walipoona chombo chao kinazama na kupinduka, baadhi yao wakakiongezea magurudumu mawili zaidi upande wa nyuma. Kanuni ya mafiga ni ya kweli kabisa. Walakini chungu kikishainjikwa hutulia pale pale; hakipandi mlima wala hakikati kona.

Mwaka 1967 kampuni ya Honda ya Japani ilikuwa ikiuza pikipiki nyingi katika nchi ya Marekani, lakini biashara hiyo ilikuwa na msimu wake kama kilimo. Majira ya joto wateja walijaa madukani. Theluji ikianguka, hapana aliyetaka kupanda pikipiki, na wenye maduka walikaa wakihesabu hasara. Basi tawi la Honda la Marekani likaomba mafundi wa Japani watengeneze chombo kitakachouzwa hata wakati wa baridi. Kazi hiyo alipewa mhandisi aitwaye Osamu Takeuchi. Yeye hakuanza na magurudumu matatu kwa kuyapenda tu. Alijaribu vielelezo vya magurudumu mawili, matatu, manne, matano na hata sita, akavipeleka katika theluji, matope na ardhi ya utelezi, akaona kwamba kwa injini ndogo ya nguvu za farasi 7 ni magurudumu matatu yaliyofaa kuliko mengine yote. Kila gurudumu la ziada lilihitaji nguvu ya kulisukuma katika theluji, na nguvu ilikuwa haba.

Msomaji asidhani kwamba Takeuchi alikuwa peke yake katika fikira hii. Mwaka huohuo wa 1967, mwanafunzi Mmarekani aitwaye John Plessinger, katika chuo cha sanaa cha Cranbrook karibu na Detroit, alibuni gari dogo la magurudumu matatu kuwa kazi yake ya masomo, na baadaye kidogo likatengenezwa kiwandani na kampuni ya Sperry Rand kwa jina la Tricart. Lakini chombo kilichoenea duniani ni kile cha Wajapani, nasi tutakifuata hicho.

Taabu kubwa ya Takeuchi ilikuwa tairi. Tairi la kawaida la pikipiki ni jembamba na limejazwa upepo mwingi, kwa hiyo hukata theluji kama kisu. Dawa yake ilikwisha kugunduliwa mahali pengine, na namna ilivyogunduliwa yastahili kusimuliwa. Mwalimu mmoja wa shule, William Albee, alipokuwa akifundisha Alaska, aliwaona wenyeji wa huko wakitoa mashua nzito majini kwa kuiviringisha juu ya mifuko ya ngozi ya sili iliyojazwa upepo. Mashua ilipanda ufukoni pasipo kuzama. Albee alirudi kwao na fikira hiyo, na katika miaka ya 1950 akatengeneza magari yenye mifuko mikubwa ya mpira mahali pa magurudumu, yaliyoitwa Rolligon. Hivyo elimu ya wavuvi wa Aktiki iliingia katika viwanda vya Marekani, ingawa majina ya wavuvi wenyewe hayakuandikwa popote. Yapata miaka kumi baadaye yalionekana magari madogo ya magurudumu sita yenye matairi mepesi yaliyovimba kama puto, na mojawapo, liitwalo Amphicat, lilipelekwa Japani na kufika mbele ya Takeuchi. Alipoyaona matairi yake alijua kwamba amepata alichokitafuta. Akatengeneza yake mwenyewe, makubwa zaidi, ya kimo cha inchi 22, na kwa kuwa yalikuwa mazito kwa injini aliyoianza nayo, akaiacha akatia nyingine ya sentimita za ujazo 90.

Tairi la namna hii hujazwa upepo wa pauni 2 na kidogo tu kwa kila inchi mraba. Tairi la lori liendalo Mombasa huweza kuwa na pauni 100. Mtu akikanyaga ardhi kwa mguu mmoja huikandamiza kwa nguvu ipatayo pauni 5 au 6 kwa inchi mraba, basi chombo cha Takeuchi, pamoja na mtu aliyekipanda, kilikanyaga kwa wepesi kuliko mtu yule angalitembea kwa miguu yake. Tena hakikuwa na springi hata moja. Upepo ule mchache ndani ya matairi ndio uliopokea mishtuko yote ya njia.

Chombo kilitolewa kwa wateja mwaka 1970, bei yake dola 595, na jina lake kwanza lilikuwa US90, kisha likawa ATC90. Mwaka 1971 kilionekana katika filamu ya James Bond iitwayo Diamonds Are Forever, shujaa akikiendesha jangwani huku akifukuzwa, na tangazo kama hilo halinunuliki kwa fedha ndogo. Watu wakakitaka. Wakulima walikitumia kukagua nyua na mifugo, wawindaji kubeba nyama walizozipata msituni, na vijana, walio wengi kuliko wote, kuchezea mchangani. Mwaka 1981 Honda ilitoa aina ya mbio yenye springi mbele na nyuma, na mwaka 1982 ikatoa aina ya kazi iliyopewa jina la Big Red, yenye vichanja vya kubebea mizigo. Kufika mwaka 1984 Honda iliuza vyombo vya namna hii vipatavyo 370,000 katika mwaka mmoja.

Sasa tufike kwenye magurudumu ya ziada.

Yeyote aliyetazama lori la mizigo ameona kwamba nyuma, kila upande, pana matairi mawili yaliyofungwa pamoja kama mapacha. Lori hufanya hivyo kwa sababu ya uzito: mzigo ambao ungalipasua tairi moja hugawanywa kwa mawili, na moja likipata pancha jingine hushika kwa muda. Wakulima nao hufunga mapacha kwenye trekta ili lisizame katika shamba lililolowa. Basi wenye pikipiki za magurudumu matatu walipokwama katika theluji nene au katika kinamasi, jibu lilikuwa mbele ya macho yao. Walifunga kipande kifupi cha bomba nene la chuma juu ya rimu ya nyuma, kwa bolti ndefu, na juu yake wakafunga gurudumu la pili upande wa nje. Kazi yenyewe ni nyepesi, fundi mwenye spana na mashine ya kuchomelea huimaliza kwa siku moja, na chombo cha magurudumu matatu hutoka karakana kina matano.

Je, walipata walichokitaka? Kwa habari ya kuzama, walipata, lakini tuelewe kwa nini. Ardhi ikiwa ngumu kuliko tairi, tairi ndilo linalobonyea, na gurudumu la pili halisaidii sana. Ardhi ikiwa laini kuliko tairi, yaani theluji mpya, ambayo wengi wetu huiona kwa mbali tu kileleni mwa Mlima Kenya, au udongo mweusi wa nyanda za Athi baada ya mvua, hapo tairi huwa kama kitu kigumu na ardhi ndiyo inayobonyea. Litaendelea kuzama mpaka lipate upana wa kutosha kuubeba uzito wake. Ukilipa upana mara mbili, litasimama mapema. Kwa hiyo mapacha yalifanya kazi nzuri mahali palepale ambapo matairi ya puto pekee yalishindwa. Mtu asidharau jambo hilo: kwa mwindaji aliye mbali na barabara katika baridi kali, kukwama si jambo la mchezo.

Kwa habari ya kupinduka, mambo si mepesi hivyo, nami naomba msomaji achukue kalamu na karatasi. Chora pembetatu. Ncha yake moja ni gurudumu la mbele. Zile mbili nyingine ni ya kushoto na ya kulia nyuma. Tuseme kutoka mbele mpaka ekseli ya nyuma ni sentimita 100, na kati ya magurudumu ya nyuma ni sentimita 80. Chombo hakitapinduka maadamu uzito wake, pamoja na wa mwendeshaji, unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Tuseme unaangukia sentimita 70 nyuma ya gurudumu la mbele. Ukipima hapo, utaona kwamba kutoka katikati mpaka ukingo wa pembetatu ni sentimita 28 tu. Chombo cha magurudumu manne chenye vipimo hivyohivyo kingekuwa na 40. Hii ndiyo kasoro ya mafiga: pembetatu ni nyembamba kuelekea ncha yake.

Sasa funga mapacha, ili kutoka gurudumu la nje la kushoto mpaka la nje la kulia iwe sentimita 140. Ule upana wa 28 unakuwa 49. Hapana shaka, hayo ni maendeleo makubwa, na waliosema kwamba chombo kimetulia zaidi walisema kweli, maadamu kiko katika ardhi tambarare au kinapita ubavuni mwa kilima. Lakini telemka mlima ukikaza breki. Uzito unasogea mbele, tuseme mpaka katikati ya chombo, na upana wako umeshuka kutoka 49 kuwa 35. Mapacha yako nyuma kabisa, na wewe waanguka mbele. Kisha geuza, upande mlima. Uzito unasogea nyuma, na chombo kinatafuta kupinduka kinyumenyume juu ya ekseli yake, na kumwangukia mwendeshaji kifuani. Hapo mapacha hayasaidii hata kidogo, kwa kuwa yamefungwa juu ya ekseli ileile. Upana umeongezeka, urefu haukuongezeka. Na kupinduka kinyumenyume mlimani kulikuwa mojawapo ya ajali mbaya za vyombo hivi.

Limebaki jambo la kona, nalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha habari yote.

Gari likikata kona, gurudumu la nje husafiri mwendo mrefu kuliko la ndani. Gari lenu la shule lina chombo cha gia kati ya magurudumu ya nyuma, ambacho mafundi wetu hukiita difu, kinachoruhusu moja lizunguke upesi na jingine polepole. Pikipiki ya Takeuchi haikuwa nacho. Ekseli yake ya nyuma ilikuwa nondo moja nzima, iliyozungushwa na mnyororo, na magurudumu yote mawili yalilazimika kuzunguka sawasawa. Katika nusu duara moja, magurudumu yaliyoachana kwa sentimita 80 hutofautiana mwendo kwa mita mbili na nusu. Mita hizo mbili na nusu zitatoka wapi? Hutoka katika utelezi: tairi moja lazima liteleze. Ndiyo sababu mwendeshaji alipaswa kujifunza ustadi wa ajabu kidogo, yaani kuuhamisha mwili wake, kukanyaga kwa nguvu kidato cha upande wa nje, na kuupunguzia uzito upande wa ndani, ili gurudumu la ndani liweze kuteleza na chombo kigeuke. Asiyefanya hivyo aliona hendeli imegeuka na chombo chaendelea mbele vilevile, kuelekea mti au genge. Aliyefanya kwa wingi kupita kiasi alipinduka.

Kwa ufupi, mwili wa mwendeshaji ulikuwa sehemu ya mashine. Mtu mzima mwenye mazoezi aliweza. Mtoto wa kilo 30 hakuwa na uzito wa kuhamisha. Na vyombo hivi, kwa kuwa vilikuwa vidogo, vinene na vyenye rangi nyekundu kama vitu vya kuchezea, vilinunuliwa sana kwa ajili ya watoto.

Ukiongeza mapacha, ile tofauti ya mita mbili na nusu inakuwa mita nne na zaidi. Matairi manne ya nyuma, yote yakiwa yamefungwa kwenye nondo moja, kila moja likitaka mwendo wake, hushikamana na ardhi na kukataa kugeuka, na gurudumu moja dogo la mbele halina uwezo wa kuyashinda. Katika theluji, ambako kila kitu huteleza, jambo hili halikusumbua sana. Katika ardhi kavu chombo kiliendelea mbele kama ng'ombe mkaidi. Zaidi ya hayo, yule mwendeshaji aliyezoea kuinua upande wa ndani kwa mwili wake sasa hakuweza kuuinua, kwa kuwa upana uleule uliomzuia asipinduke ulimzuia pia asigeuke.

Na mafundi walijua hasara nyingine isiyoonekana siku ya kwanza. Mtu akitaka kung'oa jiwe kwa mtarimbo hushika mwisho wa mtarimbo, kwa maana umbali huzidisha nguvu. Gurudumu lililofungwa sentimita 30 nje ya mahali pake hufanya hivyo kwa ekseli na beringi: kila kisiki linachogonga hupindisha chuma kwa nguvu iliyozidishwa. Ekseli zilipinda, beringi zilikufa mapema, bolti zilikatika. Tena upana ule haukupita kati ya miti, wala mwendeshaji hakuona vizuri mahali magurudumu ya nje yalipokanyaga. Hata bila mapacha ilikuwa desturi ya wageni wa chombo hiki kushusha mguu chini kama waendeshaji wa pikipiki, na tairi la nyuma likaupanda mguu huo na kumvuta mtu chini. Mapacha hayakuondoa hatari hiyo.

Katikati ya miaka ya 1980 hospitali za Marekani zilikuwa zikipokea majeruhi kwa maelfu mengi kila mwaka, na waliokufa walifika mamia. Karibu nusu ya waliokufa walikuwa chini ya umri wa miaka 16. Tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilifanya uchunguzi, wazazi wakatoa ushahidi, na viwanda vikajibu kwamba kosa ni la waendeshaji wasiofuata maonyo. Hoja hiyo ya viwanda haikuwa uongo mtupu. Wengi waliendesha bila kofia ya chuma, wawili wawili juu ya kiti cha mtu mmoja, tena barabarani ambako chombo hakikukusudiwa. Lakini mashine inayohitaji ustadi mwingi kiasi hicho, kisha ikauzwa kwa matangazo ya furaha kwa watu wasio na ustadi wowote, haiwezi kumtupia mtoto lawama yote.

Mwezi wa Aprili 1988, mbele ya mahakama mjini Washington, viwanda vya Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris viliingia katika mapatano na serikali. Pamoja na mambo mengine vilikubali kuacha kuuza vyombo vipya vya magurudumu matatu, kuwapa wanunuzi mafunzo, na kutowauzia watoto vyombo vikubwa. Mapatano yalikuwa ya miaka kumi, na yalipokwisha hapana kiwanda kikubwa miongoni mwao kilichorudia magurudumu matatu. Mwaka 2008 sheria ya Marekani ilikataza rasmi kuagiza na kuuza vyombo vipya vya aina hiyo.

Ukweli ni kwamba wakati wa mapatano hayo mafundi walikuwa wamekwisha kupata njia. Suzuki ilikuwa imetoa chombo cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980, na Honda ikafuata mwaka 1984. Injini zilikuwa zimeongezeka nguvu, na ile sababu ya Takeuchi ya mwaka 1967, kwamba nguvu za farasi 7 hazitoshi kusukuma gurudumu la nne, ilikuwa imekwisha. Gurudumu lililohitajika liliwekwa mbele, kwenye ile ncha nyembamba ya pembetatu, mahali ambapo hakuna mapacha ya nyuma yangeweza kufika. Magurudumu manne nayo hupinduka, na watu hufa juu yake hata leo, watoto miongoni mwao, hasa mlimani na barabarani. Lakini hayamtaki mtoto awe mzani wa mashine kwa kiasi kile.

Pikipiki za magurudumu matatu zilizotengenezwa kabla ya 1988 hazikunyang'anywa wenyewe. Nyingi bado zinakwenda, zikitunzwa na watu wanaozipenda, na wengine wao hufunga mapacha nyuma majira ya theluji na kuyafungua theluji ikiyeyuka. Wenye vyombo vya magurudumu manne, wakitaka kupita juu ya theluji nene, siku hizi huondoa magurudumu yote na kutia mahali pake mikanda mipana ya mpira inayozunguka, kama ile ya tingatinga.